Ulimnunulia nini mbwa au paka wako ukakitumia hadi leo? Tuweke hapa, na vilivyoozea stoo pia

Mama Kipusa (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Jumapili nimesafisha stoo nikakuta mfuko mzima wa vitu nilivyowanunulia wanyama wangu. Mswaki wa mbwa, haujafunguliwa. Sweta ya mbwa, nyekundu, ina kofia, na mimi naishi Mbezi, sio Njombe. Manukato ya paka. Kamba ile inayojivuta yenyewe, iliyokatika siku ya pili Bobi alipoona mbuzi wa jirani. Nikaanza kupiga hesabu ya hela, nikaiacha katikati maana baba watoto alikuwa amesimama mlangoni.

Ndipo nikajiuliza, hivi vile ninavyovishika kila siku nilivitoa wapi? Karibu vyote havikutoka duka la wanyama. Vimetoka sokoni kwa wauza vyombo, vingine kwa fundi, vingine vilikuwa jikoni tayari. Picha za vitu vizuri tunaziona kila siku. Hapa naomba uweke kitu ambacho umekaa nacho miezi sita na bado unakitumia. Naanza mimi.

Kwangu kuna Bobi, chotara wa jamani shepadi, mlinzi wa geti na mwoga wa radi. Kuna Kipusa, paka jike wa kienyeji. Na kuna mwanawe ambaye hajapata jina, tunamwita Wewe.

Sinia. Sisimizi wa kwangu wanafika kwenye bakuli la paka kabla ya paka mwenyewe. Nilichukua sinia la bati, nikamimina maji ya kina cha kidole, bakuli nikaliweka katikati kama kisiwa. Basi, yakaisha. Maji yabadilishe kila asubuhi, la sivyo utafuga mbu.

Kitana cha chawa, kile cha meno yaliyobanana. Mchane paka shingoni na pale mkia unapoanzia. Ukiona punje nyeusi kama unga wa kahawa, zidondoshe kwenye karatasi ya chooni iliyolowa. Zikibaki nyeusi, ni uchafu tu. Zikianza kutoa wekundu, hiyo ni damu ya paka wako iliyopita tumboni mwa kiroboto. Siku ya kwanza nilipofanya jaribio hilo nilifua mashuka ya nyumba nzima saa nne usiku.

Tochi ya kichwani na kibano cha nyusi. Kila Jumamosi jioni Bobi analala ubavu, namkagua ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia na chini ya mkanda wa shingo. Kupe unamshika karibu kabisa na ngozi, unamvuta wima polepole bila kumzungusha. Mafuta ya taa hapana, kijiti cha moto hapana, maana kupe akichokozwa hivyo anamtapikia mnyama ndani. Halafu anaingia kwenye kopo la maji ya sabuni. Usimpasue kwa kucha.

Mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, ile ya kupimia viazi. Kipusa anaingia kwenye kapu, kapu linaning'inizwa. Bobi anabebwa na kijana wangu juu ya mizani ya kusimama, tunatoa uzito wa kijana. Dawa ya minyoo, dawa ya kupe, zote zinapimwa kwa kilo. Bobi nilikuwa namkadiria kilo 20, kumbe ana 27. Miaka miwili nzima nilikuwa nampunja robo ya dozi kisha nalalamika kwamba dawa za siku hizi ni feki.

Tenga la kuku. Zamani Kipusa nilimpeleka kwa daktari ndani ya kiroba juu ya bodaboda. Alinikojolea mpaka viatu, na alipotoka alikuwa anahema kwa mdomo kama mbwa. Sasa ni tenga, chini nimetandika kanga niliyoivaa jana isiyofuliwa ili asikie harufu yangu, juu kanga nyingine ya kuleta giza. Kimya mpaka tunafika.

Sasa kilichonifanya niandike.

Mwaka jana nilinunua dawa ya matone ya kupe na viroboto, ile ya kudondosha shingoni. Kichupa kilikuwa cha mbwa. Nikamuuliza muuzaji, je, paka? Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: "Mpe nusu, kwani paka si mbwa mdogo tu?" Saa moja jioni nikampa Kipusa nusu ya dawa. Saa tatu masikio yakaanza kuchezacheza kama anafukuza nzi. Nikacheka. Saa nne anatembea kama amekanyaga mkaa, anainua mguu mmoja mmoja. Saa tano yuko chini, mwili wote unatetemeka, mate yanamtoka.

Daktari wa mifugo tuliyempata kwenye simu aliuliza swali moja: "Soma kichupa, kuna neno permethrin?" Lilikuwepo, kwa herufi ndogo kuliko za tarehe ya kuisha muda. Akasema mwoshe sasa hivi kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, kisha mfunge taulo umlete. Nilimwosha kwenye beseni la vyombo mwanangu akinimulikia, maana umeme nao ulikuwa umechagua usiku huo. Alikaa kwa daktari siku mbili akidungwa sindano za kutuliza mtetemo.

Alipona, yuko hapa ananikalia miguuni. Nilivyoelezwa, ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama ini la mbwa linavyoweza, kwa hiyo ile ya mbwa hakuna cha nusu wala robo. Na hata ukimpaka mbwa, paka asilale naye mpaka ikauke kabisa.

Kwa hiyo kifaa changu namba moja cha kufugia paka ni miwani ya kusomea, ile ya wamachinga. Haya, weka chako.

Fundi Nyundo

Nimekaa. "Tunamwita Wewe" imenivunja mbavu.

Tanga Kunani

Mama Kipusa hongera kwa kuokoa kiumbe. Changu ni kamba ya katani.

Paka wangu alimaliza mgongo wa kochi la seti, lile tulilopewa harusini. Nikatafuta gogo la mwarobaini, kimo cha kiunoni, nikalipigilia kwenye ubao mpana wa kusimamia, nikalizungushia kamba ya katani ya unene wa kidole, imebanana, misumari juu na chini tu ili asijichome kucha. Siri iko kwenye vitu viwili. Liwe refu kiasi kwamba paka akisimama akajinyoosha hafiki mwisho, na lisitikisike. Likiyumba mara moja hatalirudia. Mwanzo uliweke palepale anapoharibu, usilifiche kona ya nyuma kisha umlaumu.

Kichekesho ni kwamba huko Ulaya nguzo hizi zinauzwa madukani, na kamba yake ni katani hiihii. Mkonge uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, babu yangu akaukata kwa mkataba maisha yake yote, na leo mjukuu anamfungia paka ajikune.

Jembe la Mpini

Wakuu mnisamehe. Mbwa anapimwa kilo? Babu yangu kijijini alikuwa na mbwa sita. Chakula ukoko, dawa hakuna, kitanda majivu ya jikoni, na walikuwa wanawinda nguruwe.

Mama Kipusa

Jembe, babu mpe shikamoo yangu. Katika hao sita, wangapi walifika miaka mitano?

Jembe la Mpini

Mmoja. Wawili chui. Mmoja sijui. Wawili walipata kichaa, na mmoja wao alimng'ata mjomba.

Sawa. Endeleeni.

Mwanafunzi wa Mifugo

Naomba nidandie hapohapo kwa mjomba. Niko SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, mwaka wa nne, kwa hiyo bado sijawa daktari, msinipigie simu usiku.

Kama ningeambiwa nichague bidhaa moja tu katika uzi huu ningechagua kadi ya chanjo. Mbwa achanjwe kichaa akifikisha miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka, na kuendelea kila mwaka kama kadi inavyoelekeza. Paka naye ni hivyohivyo, maana paka anapata kichaa na anakiambukiza. Karibu binadamu wote wanaokufa kwa kichaa duniani wamekipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna wa kukutibu. Akikung'ata mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukiangalia saa, sio kwa makadirio, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kwa asiye na hela: ulizeni ofisi ya mifugo ya kata kila inapokaribia tarehe 28 Septemba. Ndiyo siku ya kichaa cha mbwa duniani (Louis Pasteur alifariki tarehe hiyo mwaka 1895), na sehemu nyingi huchanja bure au kwa bei ya soda.

Kadi itieni kwenye mfuko wa nailoni na muining'inize mlangoni. Ikikaa kwenye droo hamtaiona tena.

Mgeni wa Jana

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nina mbwa wawili, niko Kibaha. Kupe wamenishinda. Nanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, nachanganya kwenye ndoo, nawaogesha kila Jumapili. Jumatano wamejaa tena. Jana nimeona kupe anapanda ukuta wa sebuleni. Nimebadilisha dawa mara tatu. Nifanye nini? Mke wangu amesema tuchague, mbwa au yeye.

Fundi Nyundo

Mbwa wanaitwaje? Tuanze kuwazoea.

Mwanafunzi wa Mifugo

Mgeni, pole, na huyo kupe wa ukutani ndiye jibu lenyewe.

Kupe wa kahawia wa mbwa haishi juu ya mbwa. Anakuja kula tu. Anapanda akiwa mdogo, anakula, anashuka, anajificha kwenye ufa akue. Anapanda tena, anashuka. Anapanda mara ya tatu akiwa mkubwa, jike anashiba mpaka anakuwa kama punje ya mbarika, anashuka, anatafuta ufa ukutani na kutaga humo mayai elfu kadhaa. Na anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo wewe kila Jumapili unawaosha wateja, hoteli yenyewe hujaigusa.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe imepimwa kwa ng'ombe. Mbwa anajiramba, na vipimo vya "kofia moja kwa ndoo" nimeona vimeleta mbwa hospitalini amelegea kama kitambaa. Kama kuna paka nyumbani, usiiguse kabisa.

Kinachofanya kazi ni mambo mawili kwa pamoja. Mbwa wote wawili, siku moja, wapewe kidonge cha kutafuna cha kupe kulingana na kilo zao. Kuna aina inayodumu wiki 12 na kuna ya mwezi mmoja. Ni ghali ukiisikia, lakini jumlisha ulichotumia kwenye dawa za ndoo. Kama kuna mbwa aliyewahi kupata degedege, mwambie daktari kabla ya kununua. Mbwa akiwa na kidonge mwilini, anakuwa mtego: kila kupe anayepanda kula anakufa. Wewe upande wako unaziba nyufa za banda kwa saruji, unachoma matandiko ya zamani, unafagia kila siku na taka unazichoma. Ukipuliza dawa ukutani, watoto na paka watoke mpaka ikauke, maana nyingi ya hizo dawa ni ndugu wa ile iliyompata Kipusa.

Na uangalie fizi za mbwa wako. Zikiwa nyeupe, au akitokwa damu puani, au amekataa chakula ana homa, usingoje Jumapili. Kupe anaacha vijidudu kwenye damu, na hivyo havitoki kwa kuogesha.

Wahesabu kupe kila Jumamosi na uandike. Ukitegemea macho tu utadhani hawapungui.

Mgeni wa Jana

Asante sana kijana wangu. Wanaitwa Komando na Sista.

Mtu wa Mashine

Mimi ninafanya kazi mashine ya kusaga, sitataja wapi. Niseme kitu kuhusu "unga wa mbwa".

Mahindi yakiingia yanachambuliwa. Yaliyooza, yenye ukungu, yaliyobunguliwa, yaliyofagiwa sakafuni, yanawekwa pembeni. Mnadhani yanakwenda wapi? Anakuja mtu anasaga, anauza kwa nusu bei kama chakula cha mbwa na kuku. Ule ukungu wa kijani-njano kwenye kiini cha punje ndio unaoleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haifi kwa kupika. Ukipika ugali masaa matatu bado imo. Mbwa ni dhaifu sana mbele yake, ini linaharibika, anaacha kula, macho yanakuwa ya njano, anakwenda. Watu wanasema "karogwa na jirani".

Wasiojua uzito wa jambo hili: mwaka 2004 kule Kenya, upande wa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Hapa kwetu ilitokea 2016, Dodoma na Manyara. Hao ni watu, waliokuwa wanachagua punje. Mbwa anayepewa zilizokataliwa utasemaje?

Ninachonunua mimi ni pipa la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Dona ninayokula mimi ndiyo anayokula mbwa, inakaa humo, juu ya tofali, mbali na ukuta. Panya haingii, unyevu hauingii. Pipa nililinunua kwa muuza mafuta ya kula, nililiosha siku tatu.

Kaka wa Nakuru

Hamjambo wakuu, niko Nakuru, nimewafuata kutoka ng'ambo ya mpaka. Mtu wa Mashine amesema ukweli mtupu.

Mimi naongezea upande wa nyama. Hapa bucheri zinauza mapafu na matumbo ya kulishia mbwa kwa bei rahisi, na watu wanawatupia hivyohivyo mabichi. Ukikata mapafu au maini ukaona vifuko vyenye maji ndani, usimpe mbwa, zika au uchome. Mle ndani mna watoto wa mnyoo mmoja wa tegu. Mbwa akila, mnyoo unakua tumboni mwake, mayai yanatoka kwa kinyesi, mtoto anacheza na mbwa, anakula bila kunawa, na vifuko vinaota kwenye ini lake. Turkana wanaujua ugonjwa huu kuliko karibu mahali popote duniani, watu wamefanyiwa upasuaji wa matumbo kwa miaka mingi kwa ajili yake.

Basi kifaa changu ni sufuria kubwa yenye kifuniko, mshikio nimeupaka rangi nyekundu ili mtu asiipikie chai. Nyama naikata vipande vidogo, inachemka nusu saa na zaidi, ndiyo inachanganywa na ugali. Na dawa ya minyoo kila miezi mitatu, nikiuliza dukani kama ina prazikwanteli, kwa sababu si kila dawa ya minyoo inaua tegu. Mifupa iliyopikwa ya kuku sitoi, inavunjika kama vioo.

Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati mwaka wa kumi na moja, na nyumbani Wete tulikuwa na mapaka tisa, bi mkubwa akisema paka hafukuzwi, hawa ndio wazungukaji wenu, kama alivyosema Mtume.

Huku jua la mwezi wa sita si la mchezo. Kuna jirani anamtembeza mbwa wake saa nane mchana juu ya lami, mbwa anarukaruka, yeye anadhani anacheza. Weka mgongo wa kiganja chini, hesabu mpaka saba. Ukishindwa wewe, na mbwa kashindwa. Nyayo zinababuka kama chapati. Nadhani Dar na Mombasa mwezi wa pili si mbali na hapo.

Changu ni karai la mchanga wa paka. Nyie mlio ghorofani mnanunua mchanga wa dukani, mzuri, ghali. Mie nikiwa nyumbani nilichukua maranda ya seremala yasiyo na rangi wala vanishi, nikachanganya na mchanga mkavu, karai moja kwa kila paka na jingine la akiba. Kijiko chake ni kichujio cha maandazi kilichostaafu. Kinyesi kitolewe kila siku.

Mwanafunzi wa Mifugo

Hapo kwenye kila siku pigeni mstari wakuu. Kuna kijidudu cha kwenye kinyesi cha paka kinachodhuru mimba, na kinahitaji siku moja hadi tano nje kabla hakijaweza kuambukiza. Ukitoa kila siku unakuwa umekiwahi. Mama mjamzito hana haja ya kumfukuza paka, ila kazi ya karai apewe baba.

Mama Kipusa

Baba watoto amesoma hii juu ya bega langu. Amesema mimi si mjamzito.

Dada wa Kinondoni

Samahani naingilia. Paka wangu hajala tangu jana, masikio ya moto, amejikunyata chini ya kitanda. Nimpe Panadol nusu? Ninayo ya maji ya watoto.

Mama Kipusa

USIMPE.

Mtu wa Mashine

Usimpe dada.

Mwanafunzi wa Mifugo

Dada usimpe hata tone. Parasetamoli kwa paka ni sumu, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka kahawia, uso unavimba. Kama umeshampa, nenda kwa daktari sasa hivi na chupa mkononi. Kama hujampa, mpapase taratibu shingoni, mashavuni na shina la mkia. Kuna uvimbe laini, au kidonda kidogo kama cha sindano?

Dada wa Kinondoni

Sijampa. Chupa nilikuwa nimeshaifungua. Uvimbe upo shingoni, nikigusa ananguruma. Naenda, nimeazima tenga la mama wa supu.

Fundi Nyundo

Wakati tunamsubiri dada, niweke changu, mimi ni seremala.

Banda la mbwa lisikae juu ya udongo. Tafuta chaga za mbao, zile za kubebea mizigo bandarini, zinyanyue juu ya matofali manne. Hewa inapita chini, mvua haimfikii, na kupe hana pa kujificha kwa urahisi. Paa liwe linafunguka kama mfuniko wa sanduku ili uweze kufagia ndani. Mabanda niliyowatengenezea wateja yenye mlango mdogo tu, nakuja mwaka unaofuata nakuta ndani hakujaguswa tangu siku nilipoyaacha. Wale wa tairi la gari kama kitanda: mtoboe matundu chini, la sivyo mvua ya kwanza mna bwawa la mbu.

Pili, akihasiwa au akiwa na kidonda anachoramba. Ndoo ndogo ya plastiki, kata kitako saizi ya shingo, toboa matundu manne, pitisha mkanda wake. Kingo zifunikwe kwa mpira wa baiskeli uliopasuliwa, zisimkate. Pua isipite ukingo wa ndoo. Paka anaichukia ndoo, yeye mpe mguu wa suruali ya mtoto, matundu manne ya miguu, anavaa kama fulana.

Na mikanda ya shingo, jamani. Vidole viwili vipite chini yake. Kwa mtoto wa mbwa kagua kila wiki. Nimewahi kuletewa mbwa nikate mnyororo ulioingia ndani ya nyama, mwenyewe anasema "alivalishwa akiwa mdogo".

Dada wa Kinondoni

Tumerudi. Aling'atwa na dume, lilikuwa jipu. Limepasuliwa, usaha umejaa kikombe, amechomwa sindano. Ameshakula dagaa wawili. Mwanafunzi, Mungu akuzidishie.

Jembe la Mpini

Nimerudi kimyakimya. Hivi ile mizani ya ndoano naipata wapi Mwanza?

Mama Kipusa

Uliza wanaopima samaki, mkuu. Mwanza huwezi kuikosa.

Mgeni wa Jana

Wakuu, naleta mrejesho kama nilivyoagizwa. Komando kilo 22, Sista 16. Vidonge walipewa siku moja. Nyufa nimeziba mfuko mmoja wa saruji, banda nimehamishia kwenye chaga.

Jumamosi ya kwanza, kabla ya vidonge: kupe 64 kwa wote wawili, nilichoka kuhesabu masikio ya Sista.
Ya pili: 19, karibu wote wakavu.
Ya tatu: 7.
Jana: wawili. Mmoja alikuwa ukutani, mke wangu ndiye aliyemuona, akamshika mwenyewe kwa kibano akamtia kwenye kopo.